Msanii Asiyejulikana

Wiki hii hapa Dagahaley nasikiliza Hiddo Dhawr, albamu ya Sahra Halgan ya 2024. Gitaa zito lenye harufu ya bluzi, na sauti ileile iliyowaimbia majeruhi wa vita miaka ya 1980. Sokoni nilijaziwa kadi ya memori: yeye, Maryam Mursal, Hibo Nuura. Simu ikasoma zote "Msanii Asiyejulikana"! Kwenye MP3, mfumo wa kwanza uliweka majina katika baiti 128 za mwisho, herufi 30 tu kwa msanii. Ukirekodi upya kutoka kaseti, hakuna kinachohamia. Basi nimeandika kaprogramu: unasikiliza, unataja mwimbaji, kanaandika jina ndani ya faili. Mama jirani, aliyefika hapa 1992, ametaja tisa kabla hata kiitikio hakijafika. Zimebaki tatu.