Anza na sindano, mwanangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

 

Baba yako kanieleza kwamba umeshika kazi mpya ya mikono, tatingi, ile lesi ya mafundo madogo madogo, na kwamba umeanza kukata tamaa kabla hujafunga hata pete moja. Mtu amekwambia lesi hiyo lazima ifanywe kwa kile kifaa cha mkononi chenye umbo la mtumbwi, na kwamba anayetumia sindano anajidanganya. Maneno hayo yameniuma. Vitambaa vya makochi ya nyumba hii unavijua, umekua ukiviona vimetandikwa, na unajua sisemi jambo la uzi kwa kubahatisha. Nakuomba uendelee, na uendelee kwa sindano.

Anayesema sindano si asili hajui umri wa kazi yenyewe. Zipo picha za karne ya 18 za malkia na mabinti wa kifalme wa Ulaya wameshika vifaa vyenye umbo hilo la mtumbwi, na watu wengi wamedhani ni tatingi. Ukivitazama vizuri ni vikubwa mno kwa lesi. Walikuwa wakifunga mafundo kwenye uzi ili baadaye waushone kwenye nguo kuwa pambo. Hakuna kipande cha lesi hii kinachojulikana kuwa cha kabla ya 1800. Imekua karne ya 19, na mwaka 1850 Eléonore Riego de la Branchardière alichapisha kitabu chake cha tatingi kule London. Sindano nayo ilikwisha kuelezwa mwaka 1917 katika The Modern Priscilla, gazeti la kazi za mikono la Marekani. Kwa hiyo unachokifanya kina zaidi ya miaka 100, na aliyekukatisha tamaa hana hoja ya asili mkononi.

Sasa tuje kwenye kazi. Katika tatingi kuna uzi unaobeba na uzi unaofunga. Unaobeba hupita katikati, umenyooka. Unaofunga huuzunguka, nusu ya kwanza ikielekea huku na nusu ya pili ikielekea kule, na nusu mbili ndizo fundo moja. Likikaa sawasawa, fundo linateleza juu ya uzi unaobeba, ulisukume mbele au nyuma upendavyo. Likikaa vibaya linang'ang'ania, na pete haitafunga hata uvute mpaka uzi ukatike.

Kwa kitumbwi, yaani kile kifaa chenye umbo la mtumbwi, anayeanza anakutana na ugumu papo hapo. Fundo analifanya kwa uzi wa mkono wa kulia, kisha lazima alihamishe liwe la uzi wa mkono wa kushoto, kwa kulegeza vidole na kuvikaza kwa wakati wake. Akikosea kidogo tu, fundo limekwama. Wengi wameiacha kazi hii hapo hapo, wakaona wao hawana mikono ya lesi, kumbe mikono wanayo. Kwa sindano uhamisho huo haupo. Unalitia fundo juu ya sindano moja kwa moja, nayo sindano inashika nafasi ya uzi unaobeba mpaka utakapoivuta. Mafundo yote yamepangika mbele ya macho yako, unayaona, unayagusa, unayahesabu. Ukigundua la nne limegeuka, unayavua yaliyofuata, unalirekebisha, unaendelea. Pete ikishafungwa, kuifungua ni balaa, lakini kabla hujavuta hakuna kosa lisilorekebishika. Hiyo ndiyo faida kubwa ya sindano kwa mwanafunzi, na ndiyo maana nakusihi usiiache. Inakupa muda wa kuona.

Ila iwe sindano yenyewe. Ya kushonea nguo haifai, kwa kuwa mahali penye tundu pametuna kuliko mwili wake, mafundo yakifika pale yanagoma. Ya tatingi ni ndefu, ncha yake butu, na unene wake ni ule ule kutoka nchani hadi tunduni. Namba zisikuchanganye: ya 5 ni nene kuliko ya 7, na ya 7 kuliko ya 8. Uzi nao vivyo hivyo, namba 10 ni mnene kuliko namba 20, na namba 80 ni mwembamba mno, usiuguse mwaka huu. Anza na sindano namba 5 na uzi wa pamba namba 10, huu huu tunaofumia vitambaa kwa kulabu. Chagua uliosokotwa ukakaza. Uzi laini unaofumuka utakupa shida ambayo utadhani ni ya vidole vyako.

Pete ya kwanza nitakueleza pole pole, soma huku umeshika.

Toa uzi kwenye kibonge bila kuukata, upitishe tunduni, uache kiasi cha pima moja kati ya sindano na mahali utakapoanzia. Ule mkia uliopita tunduni uwe mfupi, maana uzi ukiwa maradufu sehemu ndefu mafundo yanapita kwa taabu. Shika sindano kwa mkono wa kulia, na mwanzo wa uzi ukandamizwe juu yake kwa kidole cha shahada. Uzungushe uzi wa kibonge kwenye kidole cha shahada cha kushoto, ingiza ncha ya sindano chini ya uzi upande wa mbele wa kidole, chomoa kidole, uvute kidogo. Hiyo nusu. Ya pili, uzungushe kidoleni kinyume, ncha iingie kutoka nyuma. Hilo fundo moja.

Tia matano. Kabla ya la sita acha nafasi ndogo, kadiri ya nusu ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, kisha ulifunge na kulisukuma ligusane na la tano. Uzi ulioachwa utanyanyuka juu na kuwa kitanzi. Vitanzi hivyo ndivyo pambo la lesi, na ndivyo vitakavyounganisha pete moja na nyingine. Pete nzima iwe hivi: matano na kitanzi, matano na kitanzi, matano na kitanzi, kisha matano ya mwisho. Mafundo 20, vitanzi vitatu.

Hapo simama. Hesabu. Pitisha ukucha juu ya sindano uone kama kila fundo linasogea. Kisha yashike mafundo kwa vidole viwili bila kuyaminya na uvute sindano, yateleze kupita tunduni yahamie kwenye uzi. Usivute wote ukaisha: acha kitanzi kidogo chini ya fundo la kwanza, pitisha sindano humo, halafu vuta taratibu. Mafundo yatajikunja mpaka la kwanza likutane na la mwisho. Utakapoiona ikijifunga mkononi mwako, mwanangu, utajua kwa nini nimeandika barua ndefu hivi.

Wewe umetoka kwenye kroshia, na mkono wako umezoea kuvuta kila hatua. Huku uutulize. Fundo likumbatie sindano bila kuibana. Watu husema sindano yao mbovu, kumbe wanakaza mno. Usihangaike na michoro ya maua kwa sasa. Fanya pete hiyo hiyo tena na tena mpaka vitanzi vitatu vilingane urefu bila kupima, kwa sababu jicho la mtu linaangukia kwenye kitanzi kilichozidi wenzake kabla halijaona uzuri wowote.

Baada ya pete huja tao. Geuza kazi, funga fundo la kawaida kwa nyuzi zako mbili, egemeza sindano kwenye mguu wa pete, tia mafundo kumi kwa uzi wa kibonge, vuta sindano ipite yote. Hapa huingizi kwenye kitanzi cha chini, unavuta tu, na mafundo yanajipinda kidogo yenyewe. Geuza tena, funga, anza pete nyingine. Ukifika penye kitanzi cha kwanza cha pete mpya, usiache nafasi: chukua ncha ya sindano au kulabu ndogo, ivute uzi wa kibonge kupitia kitanzi cha mwisho cha pete iliyotangulia, uutie juu ya sindano, uendelee. Pete mbili zimeshikana.

Kwa zoezi la matao tumia rangi mbili, uziunge kwa fundo mwanzoni. Buluu iwe ya sindano na nyeupe iwe ya kibonge. Lesi yote itaonekana nyeupe, kwa kuwa uzi unaofunga ndio unaoonekana. Popote buluu itakapochungulia kati ya mafundo, ujue hukuyasukuma yakagusana. Rangi itakufundisha hata kama mimi siko karibu.

Nikutendee haki, yapo ya kweli katika alichokisema huyo mtu. Mafundo yaliyopita juu ya sindano hubaki na nafasi kidogo ndani, hivyo lesi ya sindano hulegea kuliko ya kitumbwi, na aliyezoea huiona. Kwa uzi mwembamba sana kitumbwi kinashinda. Ukipenda, baadaye utajifunza nacho, na vidole vyako vitakuwa tayari vinalijua fundo, kwa maana fundo ni lile lile. Lakini huko ni kuongeza ujuzi. Hakuna udanganyifu wa kutubia.

Usianze na kitambaa cha meza. Kitakuchosha katikati na utakificha kabatini. Anza na ukingo wa foronya moja, pete na tao, pete na tao, upande mmoja tu. Ukimaliza, ncha za uzi zifiche kwa sindano nyembamba ndani ya mafundo, usizikate juu juu, zitafumuka ikifuliwa. Ioshe, ibandike kwa pini juu ya taulo, kila kitanzi kivutwe kwa pini yake, itie wanga mwepesi, iache ikauke kivulini. Lesi isiyonyooshwa huonekana mbaya hata kama imefanywa vizuri, na wengi huhukumu kazi yao kabla ya hatua hii.

Nimekufungia vibonge viwili, cheupe na cha buluu, na sindano mbili namba 5, baba yako atakupa. Kitambaa cha foronya ninacho, pamba nyeupe, sijakikata bado. Ukishapata pete nne na matao manne yaliyoungana, yapime kwa rula na uniandikie yamechukua sentimita ngapi, nami nitakata foronya upana wake ugawanyike sawa kwa kipimo chako, pete isije ikakatikia pembeni.

Ni mimi shangazi yako