Kilo zikishaandikwa, nani azifute?

Bumu bado, lakini projekti ya mwaka wa tatu inasonga. Natengeneza programu ya mizani ya pamba, maana kwetu Samuye, Shinyanga, kilo za mzee ndiyo ada ya shule.

Hapa kampasi wengi tunaficha kitufe cha "futa" kwenye ukurasa, basi. Sasa mtu akiingia kwenye hifadhidata kwa mlango mwingine? Anafuta kiulaini! Mimi ruhusa nimeziweka ndani ya PostgreSQL yenyewe. Karani anaingiza na kusoma. Kubadili au kufuta, hana ruhusa. Akikosea, anaongeza mstari wa marekebisho, ule wa zamani unabaki. Mkulima anaona mistari yake tu, uwezo uliokuja na toleo la 9.5 mwaka 2016. Nenosiri la msimamizi mkuu linaruka yote haya, kwa hiyo programu sijaipa. Umeme ukikatika, kilo zilizokwisha kuthibitishwa ziko kwenye diski.

Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai taarifa za watu zilindwe. Kitufe kilichofichwa si kufuli, jamani. Haya, tuonane baada ya UE!