Mshindi Akishapatikana, Data Inabaki na Nani?

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kusafisha data. Hakathoni (mashindano ya kutengeneza programu kwa muda mfupi) ya maji, taka au mafuriko inapoandaliwa, napigiwa simu siku chache kabla ili niwatayarishie vijana majedwali. Wageni waalikwa huona programu iliyorushwa ukutani na mshindi akikabidhiwa hundi. Mimi nashinda na kilicho chini yake, na hicho ndicho ninachotaka ukione.

Chukua data ya vituo vya maji ya Tanzania, iliyokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013. Faili linalotumika sana kwenye mashindano lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja: kinatoa maji, kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi. Ni hazina kubwa. Lakini mistari zaidi ya 1,800 ina longitudo sifuri, kwa hiyo ukiiweka kwenye ramani, visima vinaangukia Ghuba ya Guinea, upande wa pili wa Afrika. Zaidi ya mistari 20,000 ina sifuri kwenye mwaka wa ujenzi. Kwenye safu ya mjenzi, serikali imeandikwa kwa namna kadhaa, pengine jina zima, pengine limekatwa likabaki "Gover", na kompyuta huhesabu kila namna kuwa ni mjenzi mwingine.

Timu iliyopewa saa 48 haina muda wa kuhangaika na hayo. Inafuta mistari mibovu, kazi inaendelea. Sasa sikiliza: hiyo yenye longitudo sifuri inatoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Ukiifuta, wanakijiji wanaochota maji kwenye visima hivyo wametoka kwenye hesabu, na grafu inapendeza kuliko ilivyokuwa. Jaji hawezi kuliona hilo.

Mipaka nayo inahama. Data hiyo inaijua Dar es Salaam ya Ilala, Kinondoni na Temeke tu, kwa sababu ilikusanywa kabla Ubungo na Kigamboni hazijawa wilaya. Vijana fulani wa Mbezi waliandika "Ubungo" kwenye programu yao, haikuleta kitu. Walikuwa wameshaanza kutengeneza slaidi za kusema wilaya nzima haina kituo cha maji hata kimoja. Vituo vya Ubungo vilikuwa vimekaa chini ya Kinondoni muda wote huo.

Kwenye data ya mafuriko hali ni ngumu zaidi. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakazi wa kata zinazofurika, wakatembea uchochoro kwa uchochoro kuchora nyumba, njia na mitaro, kisha wakaviweka kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap vitumiwe na yeyote. Naiheshimu kazi ile. Ila mtaro haubaki ulivyopimwa. Msimu mmoja wa masika unatosha kuujaza mchanga, chupa na magodoro.

Niliwahi kuongozana na timu moja kwenda kuukagua mtaro ambao programu yao iliuonyesha uko wazi. Tulikuta mchanga umefika ukingoni, juu yake pamewekwa ubao, na mama mmoja anakaanga mihogo hapo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia chumbani kwake. Alituuliza kama ndio tumekuja kuzibua.

Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kijana mmoja wa timu akamwonyesha mtendaji jinsi mwananchi atakavyopiga picha na kutuma taarifa. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake. Malalamiko ya mitaro yaliyoziba yalijaa kurasa nzima, yana majina na namba za simu. Akasema, "Taarifa ninazo, mwanangu. Gari la kuzoa mchanga ndilo sina."

Programu ile ilishinda. Seva ilikuwa inalipiwa na mmoja wa vijana hao kwa hela ya mfukoni, na alipopata ajira mkoani, ikazimwa. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kuwa baada ya hundi kuna kulipia seva kila mwezi, na kwamba data inahitaji mtu wa kuirudia kila baada ya masika.

Vijana wetu wana akili na wana moyo, nawaona wakikesha. Kinachokosekana ni mlezi wa data, na ofisi yenye fungu la kushughulikia taarifa inayoletwa.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji na wafadhili: kabla hamjakodi ukumbi, andikeni majina mawili. La kwanza ni la atakayeisasisha data mwaka ujao, na posho yake itakakotoka. La pili ni la afisa atakayepokea taarifa na mwenye uwezo wa kutuma gari. Mkikosa hata moja, chukueni hela ya zawadi muwalipe vijana haohao wazunguke mitaani kupima mitaro upya. Mama wa mihogo atanufaika zaidi na hilo.