Usiitilie Vitz Oili ya Peugeot

Voi

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako amenipigia simu akanieleza kwamba gari limeshapata namba na sasa unalilaza huko Pipeline kwenye maegesho ya kulipia. Hongera sana, Mungu akupe riziki ndani yake. Lakini akaniambia pia kwamba Jumamosi unalipeleka kwa fundi wa kando ya barabara ili amwage oili iliyokuja nalo na kutia nzito, kwa kuwa amekwambia ile ya Kijapani ni maji matupu. Hapo ndipo nilipoona heri nikuandikie, maana jambo hili halitoshi kwenye simu ya dakika tano.

Fundi huyo sidhani ana nia mbaya. Anakupa elimu aliyoipokea kwa waliomtangulia, na wakati wao ilikuwa elimu sahihi. Oili ya 20W-50 iliyafaa magari tuliyokulia sisi: Peugeot 504, Datsun, Land Rover. Injini zile zilikuwa na nafasi pana kati ya chuma na chuma, na kabureta zake zilizoea kuvujisha petroli mpaka ikachanganyika na oili. Oili nyepesi ingeteketea humo kwa wiki chache. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na mafundi wengi wa nchi hii walijifunza kazi chini ya gari hilo. Walichojifunza wakawarithisha vijana wao, na vijana wakaendelea kukitumia kwenye magari ambayo wazee hawakuwahi kuyafungua.

Vitz yako ya mwaka 2018 ni injini ya lita moja, silinda tatu. Ina cheni ya taimingi, na ina mtambo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali. Mtambo huo unasukumwa na oili ileile ya injini, inayopita katika vijitundu vyembamba na vichujio vidogo kabla ya kufika juu. Kwa hiyo oili humo ndani ina kazi mbili, kulainisha na kusukuma, na waliounda injini walipima ukubwa wa vijitundu na nguvu ya pampu wakijua ni oili gani itakayopita. Ukitia nzito kupita kiasi, asubuhi itachelewa kufika kwenye vali, na huo muda wa kwanza ndio unaokula chuma sana. Tena pampu itafanya kazi ya ziada kuisukuma siku nzima, na kazi hiyo utailipia kwenye petroli.

Sasa nikueleze zile namba. Ziliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Namba yenye W inahusu baridi: 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani joto la injini inayofanya kazi. Hapo oili ya 50 ni nzito takriban mara mbili ya oili ya 20.

Angalia vizuri hiyo namba ya pili, kwa sababu hoja yote ya fundi imejengwa juu yake. Watu husema Kenya kuna joto, kwa hiyo tunahitaji 50. Mpwa wangu, joto la nje haliamui hilo. Injini ikishapata moto, thamostati na feni huizuia isipoe sana wala isichemke, iwe iko Tokyo au Embakasi. Na ukitaka kulinganisha hali ya hewa, mwezi wa Agosti Tokyo hupita nyuzi 30 kila mara, wakati nyinyi Nairobi mnavaa sweta. Vitz hiyo ilipita majira ya joto ya Japani ikiwa na oili nyepesi, ikafika Mombasa salama. Itashindwaje Outering Road?

Usiniamini mimi tu. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, utakuta kitabu cha gari. Kimeandikwa Kijapani na hutaelewa neno, lakini namba hazijatafsiriwa: tafuta ukurasa wenye 0W-20. Huenda chini yake kukawa na 5W-30 kama mbadala. Hizo ndizo oili zako. Chunguza pia ukingo wa mlango wa dereva, maana gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika stika ya sevisi ya mwisho. Ikiwepo, utajua ilifanywa kwenye kilomita ngapi, na utajua pia kama mita imechezewa tangu hapo.

Ukienda kununua, namba peke yake haitoshi. Nyuma ya mkebe pameandikwa kiwango cha API, kisha herufi mbili. Kwa injini ya petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili ikisonga mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo mpya zaidi. Wewe tafuta SN au SP. Hii SP ilianza mwaka 2020. Ukipewa ya bei rahisi iliyoandikwa SF, irudishe. Waliotunga viwango hivyo wenyewe wanasema SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Wapo watakaokuuzia na kukuapia kwamba oili ni oili.

Hao wajibu kwa mfano wa mtaa wako wa Pipeline, uliobeba jina la bomba la mafuta. Bomba la Kenya Pipeline lilianza kuleta mafuta kutoka Mombasa mwaka 1978, na ndani ya bomba hilo petroli, dizeli na mafuta ya ndege hupita kwa zamu, moja nyuma ya nyingine. Wapokeaji hupima kila zamu ili wajue inaanzia wapi na kuishia wapi, na ile sehemu iliyochanganyika hutengwa. Hakuna anayesema pale kwamba mafuta ni mafuta.

Nunua mwenyewe, dukani, mkebe ukiwa na lakiri isiyoguswa, na udai risiti. Usimpe fundi pesa akakununulie. Mkebe ukiisha, utoboe kabla hujautupa, kwa sababu mikebe mitupu huokotwa, ikajazwa oili iliyochujwa tu, ikarudi sokoni ikiwa na jina zuri. Injini yako inataka kama lita tatu pamoja na filta mpya. Ukinunua mkebe wa lita nne, usikubali fundi aumimine wote kwa kuona haya kubakisha; oili ikizidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Simama hapo, pima kwa kijiti, halafu ile iliyobaki nenda nayo nyumbani.

Kuhusu muda, Toyota ya Japani huruhusu kilomita 15,000 kwa matumizi ya kawaida na nusu yake kwa matumizi magumu. Kazi yako ya teksi ni ngumu. Unatoka Pipeline, unakwama Donholm, unakwama tena Jogoo Road, injini inanguruma na mita ya kilomita imesimama. Badilisha kila kilomita 5,000 bila kubishana na mtu.

Nisimwonee fundi. Gari lililochoka, linalotoa moshi wa buluu na kumaliza oili njiani, mwenyewe anaweza kupanda ngazi kidogo akatia nzito ili asogeze siku za kufungua injini. Huo ni uamuzi wa mgonjwa. Gari lako ni zima, usilinyweshe dawa ya mgonjwa.

Oili chafu itakayotoka, ikinge kwenye jeri. Isimwagwe kwenye mtaro, maana mitaro ya huko hushuka mpaka mto Ngong, na kuna watu wanaoishi kandokando yake. Wajenzi huinunua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, kwa hiyo haitakosa mwenyewe.

Kabla ya Jumamosi, piga picha ule ukurasa wa kitabu na nyuma ya mkebe uliokusudia kununua, unitumie. Usifungue boliti ya kutolea oili mpaka nimekujibu.

Mjomba wako akupendaye.