Mgeni wa Masikio

Msomaji, muziki mpya ni mgeni. Hubisha hodi akiwa na mavazi tusiyoyazoea, na mara nyingi twamfungia mlango kabla hajaketi.

Mimi nilizaliwa karibu na Ziwa Victoria, ambako nyatiti yenye nyuzi 8 hupigwa kwa vidole, na pete ya chuma iliyovaliwa kidoleni mwa mguu hugonga mti wake kutia mdundo. Muziki huo niliujua kabla ya kujua kusoma. Nilipokua nilikwenda Unguja kujifunza udi.

Shingo ya udi haina vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa. Kwa hiyo kidole kina uhuru wa kutua hata baina ya sauti mbili za kinanda. Katika mfuatano wa sauti uitwao rast, sauti ya tatu hukaa papo hapo katikati. Mwanzoni ilinichoma kama sauti iliyopotea njia. Mwalimu wangu hakubishana nami. Aliniagiza niisikilize kila asubuhi kabla ya kugusa chombo. Baada ya majuma matatu ikawa tamu, na kinanda ndicho kilichoniwia kikavu.

Fedha zangu zilikuwa haba. Nyumbani waliuza ndama wawili nipate karo, na jamaa waliuliza kama muziki hulisha mtu. Swali lao lilikuwa la haki, na jibu kamili sinalo hata leo. Lakini jioni, kwa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, nilimsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na mbuzi ya nazi ikikwaruza uani, nikatambua kuwa mtaa mzima una mapigo yake. Starehe hiyo haikuwa na karo.

Taarabu yenyewe iliingia Unguja ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyepata kuuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi, msomaji, usikiapo muziki usioujua, usiuhukumu siku ya kwanza. Usikilize mara ya pili, na ya tatu, ukiwa umenyamaza. Kisha sema kama waupenda.