Tovuti ya Kikundi Ikikataa Oda Baada ya Kuapdeti: Pima Kabla ya Kumtaja Mtu

Ndugu mfugaji na mfanyabiashara, hapa tumezoea kuongea chanjo ya kideri, banda na bei ya chakula cha kuku. Leo naomba tuongee tovuti. Najua wapo watakaosema hilo si la bwana shamba. Lakini siku hizi vipo vikundi, kuanzia Ukonga na Gongo la Mboto hadi Pugu, vinavyopokea oda za kuku, mayai na mboga kwa tovuti. Tovuti ikiugua, hasara inaingia bandani kama ugonjwa mwingine wowote. Mimi nina stashahada ya kilimo na mifugo, si fundi wa kompyuta. Ninachokijua nimekipata kwa kuendesha ukurasa huu na kwa kukaa na vikundi siku mambo yalipoharibika.

Neno langu ni moja: tovuti ikiacha kufanya kazi baada ya kuapdeti, pima kwanza tatizo liko wapi, ndipo uulize nani kasababisha. Na ili uweze kupima, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwanza tuelewe tovuti imejengwaje

Tovuti nyingi za vikundi zimejengwa kwa WordPress. Hiyo WordPress ndiyo banda lenyewe. Juu yake fundi anaongeza plagini, yaani programu ndogo za kazi maalumu: moja ya duka, moja ya fomu ya oda, moja ya kuchagua siku ya kupelekewa mzigo, na kadhalika. Chini ya plagini kuna kitu mafundi wanakiita maktaba. Hii ni kodi iliyokwisha kuandikwa, ambayo plagini nyingi zinaitumia kwa pamoja badala ya kila moja kujiandikia yake.

Ifikirie maktaba kama bomba moja la maji linalolisha nyumba nyingi za mtaa. Bomba likibadilishwa, aliyeunganisha kwa koki ya kizamani anaweza kukosa maji, ingawa koki yake haijaguswa na mtu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020. WordPress inatumia maktaba iitwayo jQuery, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mmarekani John Resig. Kwa miaka kadhaa WordPress ilibaki na toleo la 1.12.4. Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress likaondoa kipande kilichokuwa kinazisaidia plagini za zamani kuendelea kufanya kazi. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo likatoka toleo la 5.6, likaleta jQuery 3.5.1. Plagini zilizokuwa zinatunzwa na wenyewe ziliendelea vizuri. Zilizotelekezwa, nyingine vitufe vyake vilikufa: ukurasa unafunguka, picha zinaonekana, lakini ukibonyeza hakitokei kitu.

Ilivyotokea kwa kikundi kimoja

Nilikuwa nahudumia kikundi cha wafugaji wa kuku wa nyama hapa Gongo la Mboto. Desemba ile walikuwa na kuku 400 wa wiki tano, wote wamelengwa kwa Krismasi. Wewe mfugaji unajua maana yake. Kuku 400 wa umri huo wanamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku na zaidi, na kila siku unayochelewa kuuza unakula faida yako mwenyewe.

Katikati ya mwezi oda zikakatika. Siku nne, hata oda moja. Mwaka uliotangulia, wiki kama ile, simu ya katibu ilikuwa haitulii. Katibu ni binti wa miaka ishirini na kitu, na taarifa za oda zilikuwa zinaingia kwenye simu yake. Unaweza kukisia maneno yalikoelekea. Nilipofika barazani kwa mwenyekiti nilikuta kikao kimeshachemka, binti amekaa pembeni anafuta machozi. Mweka hazina, mama mtu mzima ambaye chakula cha kuku alikuwa amekikopa dukani kwa jina lake, akaniambia, "Bwana shamba, mwanangu, simu iko kwake, oda ziko kwake. Anawauzia kuku wa nani, sisi tutajuaje?"

Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Kabla hatujamtaja mtu, hebu sisi wenyewe tuwe wateja."

Tukaazima simu ya jirani, tukafungua tovuti, tukachagua kuku wawili, tukabonyeza kitufe cha kuweka oda. Kimya. Tukajaribu simu ya pili, kimya vilevile. Binti akainua uso. Hakuna oda iliyokuwa imeibiwa, kwa sababu hakuna oda iliyokuwa imeweza kutoka kwenye simu ya mteja.

Tukampigia fundi. Kijana hakuficha: usiku mmoja, siku nne nyuma, aliipandisha tovuti kutoka WordPress 5.4 hadi 5.6, na usiku uleule akaapdeti plagini zote. Aliangalia ukurasa wa mbele, akaona unafunguka, akalala. Hakumwambia mtu. Kwa hiyo vitu zaidi ya kumi vilibadilika kwa mkupuo, na hakuna aliyejua kipi kimevunjika.

Ni sawa na kuchanganya dawa tatu kwenye maji ya kuku siku moja. Wakipona hujui ipi imewaponya. Wakifa hujui ipi imewaua. Na pale pasipojulikana sababu, watu hutafuta mchawi.

Jinsi ya kupima

Haya ndiyo tuliyoyafanya na fundi jioni ile. Mpe fundi wako ayasome.

1. Jaribu kama mteja. Kufungua ukurasa wa mbele hakutoshi. Weka oda mpaka mwisho, kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti kama msimamizi. Kivinjari hutunza kurasa za zamani, hivyo tumia dirisha la siri au simu ya mtu mwingine. Kama tovuti ina plagini ya kutunza kurasa ili zifunguke haraka, isafishe kwanza.

2. Soma kosa linalosemwa. Kwenye kompyuta, fungua tovuti kwa Chrome kisha bonyeza F12, utaona sehemu inayoandika makosa kwa rangi nyekundu. Mara nyingi mstari ule unataja faili, na jina la faili linakupeleka kwenye plagini. Piga picha kabla hujagusa chochote.

3. Zima nusu. Tuseme una plagini 12 ukiacha ile ya duka, ambayo huwezi kupima oda bila yake. Zima sita, jaribu oda. Ikipita, mgonjwa yumo katika zile sita ulizozima. Isipopita, yumo katika zilizobaki. Gawanya tena kwa nusu. Kwa majaribio manne hivi utakuwa umebaki na moja. Kwetu ilikuwa plagini ya kuchagua siku ya kupelekewa mzigo. Mtengenezaji wake alikuwa hajaigusa kwa miaka mitatu. Uangalie pia kwamba wakati mwingine plagini mbili ni nzima kila moja peke yake ila hazipatani zikiwa pamoja. Kwa hiyo ukishampata mgonjwa, washa zote isipokuwa yeye, kisha jaribu tena.

4. Funga jeraha, halafu tibu. Watu wa WordPress wenyewe walikuwa wametoa plagini ndogo ya msaada, iliyoweza kurudisha jQuery ya zamani kwa muda. Tuliiweka usiku ule, kitufe kikafanya kazi, oda zikaanza kuingia asubuhi. Lakini hiyo ni bandeji. Baada ya sikukuu fundi aliiondoa ile plagini iliyotelekezwa, akaweka nyingine inayotunzwa, kisha akatoa bandeji.

5. Kama tovuti haifunguki kabisa, usikate tamaa. Tangu toleo la 5.2 la Mei 2019, plagini ikiiangusha tovuti, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia ili aizime. Barua isipofika, fundi aingie kwenye mafaili ya seva, afungue folda ya wp-content kisha plugins, abadilishe jina la folda ya plagini inayoshukiwa. WordPress isipoiona itaizima.

"Basi tusiapdeti tena"

Hili ndilo walilolitaka wanakikundi wengi baada ya yale. Ninawaelewa, ila hapana. Septemba mwaka uleule wa 2020 iligundulika kwamba plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000 duniani, ina tundu linalomruhusu mtu wa nje kupandisha mafaili yake kwenye seva bila nenosiri. Dawa ilikuwa toleo jipya, 6.9. Aliyekataa kuapdeti aliacha mlango wazi huku wezi wameshaambiwa uko wapi.

Mfugaji haachi kuchanja kwa sababu siku moja chanjo ilitolewa vibaya. Anarekebisha namna ya kuchanja. Kuapdeti ni hivyohivyo, na utaratibu wake ni huu:

Chukua nakala ya akiba ya mafaili na ya hifadhidata pia, uiweke nje ya seva hiyo. Kisha hakikisha fundi anajua kuirudisha, kwa sababu nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Jaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti ambayo wateja hawaioni. Kuku mgeni humwingizi kwenye kundi siku aliyonunuliwa, unamtenga kwanza.

Apdeti plagini moja, weka oda ya majaribio, ndipo uende kwenye inayofuata. Usiruke matoleo makubwa mawili kwa usiku mmoja.

Usiapdeti katika wiki ya Idd, Krismasi au Pasaka, isipokuwa ni kuziba tundu la usalama. Na hilo likitokea, kikundi kiambiwe.

Plagini ambayo mtengenezaji wake hajaigusa kwa zaidi ya mwaka mmoja, anza kuitafutia mbadala mapema, bado ikiwa hai.

Weka daftari. Tarehe, kilichobadilishwa, kutoka toleo gani kwenda toleo gani, nani kabadilisha, oda ya majaribio imepita au haikupita. Ni daftari lilelile la banda, ukurasa mwingine tu. Lingekuwepo, binti yule asingelia.

Na mwisho, barua pepe ya msimamizi iwe ya kikundi, isiwe ya fundi. Jina la tovuti, kama ni .co.tz au jingine, lisajiliwe kwa kikundi. Fundi akisafiri kwenda mkoani, barua ya kuokoa tovuti isisafiri naye.

Kilichobaki

Kuku waliuzwa karibu wote kabla ya Krismasi, wachache kwa bei ya chini. Deni la chakula lililipwa Januari. Fundi hakufukuzwa, ila sasa haapdeti bila kumtaarifu mwenyekiti. Mweka hazina alikwenda nyumbani kwa kina binti kuomba radhi, na alikwenda kwa miguu yake, hakutuma mtu. Lakini mwanakikundi mmoja aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wote hakuomba radhi, na hadi leo hao wawili wanasalimiana kwa taabu. Kitufe tulikitengeneza kwa saa tatu. Neno lililokwisha kutoka mdomoni halina toleo la kurudishia.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujafunga hesabu, chukua simu ambayo si yako, fungua tovuti ya kikundi chako, weka oda moja mpaka mwisho. Ikipita, andika tarehe kwenye daftari. Isipopita, mwite fundi, na usimtaje mtu kabla hamjapima.