Binti wa Uriri

Masika ya 2023, Ramadhani ilinikuta Uriri. Kila alasiri nilimwona mwanafunzi wangu wa chuoni akikimbia kando ya mashamba ya miwa, mtandio kichwani, naye amefunga. Nikamwambia mamake amzuie. Akanijibu kwa upole: “Sheikh, hajaacha swala hata moja.” Nilishikilia langu, binti akaacha.

Tarehe 23 Aprili, Idi haijatimiza siku tatu, Sifan Hassan, Mwislamu mzaliwa wa Ethiopia aliyefanya mazoezi na saumu yake, alisimama katikati ya marathoni ya London kujinyoosha nyonga. Akaachwa. Akawafuata, akashinda kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 33.

Binti ndiye aliyenisimulia, juzuu mkononi, pasi na lawama. Kwa mamake bado sijaenda.